Sauti ya Deno Niliyoikata Nusu

Nina miaka thelathini na sita. Sina mke, sina mtoto, na shule niliiacha kidato cha pili kule Singida. Hakuna aliyenifukuza. Lori lilisimama karibu na uwanja wetu wa mpira, dereva akasema anakwenda Mwanza, nami Mwanza nilikuwa sijaiona. Nikapanda. Tangu siku hiyo sijui kukaa mahali pamoja. Nikishayajua majina ya mitaa na habari za majirani, miguu inaanza kuwasha.

Nawaandikia wasomaji wenzangu nikiwa na uchungu ambao sijui nitaupeleka wapi. Wengi wenu mlio huku Marekani mmeisikia habari ya kijana Mkenya aliyekutwa amekufa hotelini Landover. Mmesikia na aliyemuua, sivyo? Basi someni mpaka mwisho. Aliyewapa habari hiyo ni mimi!

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu niliamka Ohio, kwenye chumba nilichopanga na Wasomali wawili. Nikatazama mvua dirishani, nikafunga begi. Sikuwa na ugomvi na mtu, wala sikuwa na mpango wowote. Kituoni nikamwambia yule dada wa tiketi anipe basi linaloondoka kwanza. Likawa la Washington.

Siku ya pili, mzee mmoja Mtanzania niliyekutana naye msikitini alinipeleka Temple Hills kwa dada mmoja Mkenya aliyekuwa na chumba cha chini, besimenti, kinachokaa bure. Huyo ndiye Wambui. Ni nesi, mtu wa Nyeri, miaka arobaini, mpole, mtu wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye nyumba za wazee wagonjwa na begi lake jeusi, akiwapima presha na kuwachoma sindano za kisukari.

Alinipokea kama ndugu. Alipojua mimi ni Mwislamu, kesho yake alikuja na sufuria mpya na kikaango kipya, akaviweka kwenye rafu ya peke yake. Akasema, "Sele, hizi ni zako. Hazijaonja nguruwe na hazitaonja." Nani mwingine aliwahi kunifanyia hivyo? Hata mama yangu mzazi hajui nakula nini!

Akanitafutia na kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja Landover, karibu na maghala. Kwa mara ya kwanza maishani nilimaliza miezi minne mahali pamoja bila miguu kuwasha...

Halafu akaja Deno.

Deno alikuwa mdogo wake Wambui, wa mwisho kwao, miaka ishirini na tatu. Jina lake kamili ni Dennis. Nyumbani walijua anasoma chuo Texas. Alikuja kwa basi, siku mbili njiani amekunja miguu, na begi mgongoni kubwa kuliko yeye. Alikuwa na kicheko cha kuambukiza. Kiswahili chake kilikuwa Sheng tupu, ile lugha ya vijana wa Nairobi. Mimi nilikuwa namcheka, namwambia Kiswahili kimezaliwa kwetu, kwao kimekwenda kuvunjwa. Naye ananijibu, "Buda, nyinyi mnaongea kama taarifa ya habari!"

Nilimpenda kwa sababu alikuwa mimi. Nilimhoji kama ninavyomhoji kila mtu... umepita wapi, umelala wapi, ulikula nini. Ndipo akaniambia kwamba chuo alishaacha mwaka mzima uliopita. Alikuwa anazunguka tu, jimbo kwa jimbo, anapiga video. Akaniomba nisiseme.

Sikusema kwa ubaya. Naapa! Jumamosi asubuhi Wambui alikuwa anakaanga mayai, anasifia jinsi mdogo wake atakavyokuwa mhandisi, nami nikauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kwani akiacha chuo anaweza kurudi tena? Mwiko ukasimama hewani. Akaniuliza, "Nani ameacha?" Nikasema nilikuwa nauliza tu. Lakini Wambui si mjinga, alinibana mpaka nikasema yote.

Aliapa hatanitaja, na hakunitaja. Alimpigia mama yao Nyeri, akamweleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu chuoni akaambiwa. Mama akampigia Deno akilia. Deno akabeba begi lake, akaenda kuchukua chumba kwenye hoteli ile ile ninayofanya kazi, kwa sababu ndiyo aliyoijua.

Jumapili nilimpelekea taulo. Alikuwa anachechemea. Akapandisha suruali, akanionyesha mguu wa kulia. Nyuma ya goti kushuka chini palikuwa pamevimba na pana joto. Akaniuliza, "Hii ni nini, mzae?" Mimi, msomi wa kidato cha pili, nikajibu haraka haraka kwamba ni basi hilo, damu imelala, anywe maji mengi na auweke mguu juu ya mto.

Kwa nini sikumwambia Wambui? Nilikuwa naishi na nesi nyumba moja! Jioni ile tulikula ugali meza moja, mimi na yeye, na mguu wa Deno haukunijia hata kwenye ulimi. Kila kitu kisichonihusu nakiuliza. Kile kilichohitaji kuulizwa...

Jumatatu asubuhi Wambui alikuja hotelini akitoka kwa wazee wake, begi jeusi mkononi. Nilimwona akipanda. Baada ya nusu saa akashuka anafuta macho, akapita bila kuniona.

Mchana, nikiwa nakunja mashuka, simu ikalia. Sauti ya Deno. Niliisikiliza mara moja, mashine zinanguruma, nikamjibu kwa kidole gumba. Ndiyo. Kidole gumba!

Jumanne asubuhi, mama mmoja wa El Salvador anayesafisha vyumba alipiga kelele ambayo naisikia mpaka leo. Nilikimbia. Deno alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja juu ya mto, na chupa ya maji mezani. Alikuwa wa baridi...

Wasomaji, kifo cha hotelini hakikosi wataalamu. Kabla gari la kumchukua halijaondoka, hadithi zilishaanza. Kwenye chumba cha kufulia mmoja alisema kijana alimeza dawa za kulevya zikapasukia tumboni. Mwingine akasema kulikuwa na mwanamke mwenye nywele nyekundu. Kwenye kundi letu la wasap la Watanzania wa huku, shangazi mmoja aliandika kwamba chumba kile kina jini, mpwa wake aliwahi kulala pale akaamka kitandani kwa mwingine. Watu wakacheka, wakamwambia hilo jini la mpwa wako tunalijua, linavaa sketi.

Nami nilikuwa na kitu ambacho hawakuwa nacho. Nilikuwa na sauti ya marehemu!

Niliisikiliza tena, safari hii kwa utulivu. Mwishoni Deno alisema hivi: "Siendi kwa Wambui mimi. Wambui amenichoma. Amenichoma vibaya, hata sijiskii poa. Wacha nilale."

Amenichoma! Wambui nesi. Wambui aliyepanda na begi la sindano. Amemchoma, hajisikii vizuri, akalala, hakuamka. Nani angehitaji kuelezwa zaidi? Hapa ndipo ninapojichukia kuliko popote. Haikunijia hata chembe kwamba neno hilo linaweza kuwa na maana nyingine. Mimi Mtanzania! Nimwulize Mkenya maana ya neno la Kiswahili? Kiburi hicho sisi tunakinyonya na maziwa.

Lakini si kiburi peke yake. Sauti ilianza hivi: "Buda, niaje. Huu mguu bado unauma, na saa hii nikipanda ngazi pumzi inakatika, lakini nimekunywa maji vile uliniambia. Mathe amepiga tena, analia mpaka nimeshindwa kuongea."

Vile uliniambia... Niliogopa. Nilijua watu wataniuliza, wewe ulimwambia nini, na ulijua tangu lini? Nikachukua simu yangu ya pili, nikaicheza sauti kwa sauti kubwa, nikaanza kurekodi pale panaposema "Siendi kwa Wambui". Nusu ya kwanza nikaiacha. Nikaandika chini yake kwamba nesi amemchoma mdogo wake sindano hotelini, sikilizeni wenyewe. Nikatuma.

Polisi waliponihoji nilisema nilimpelekea taulo tu.

Kufika jioni ile habari ilikuwa imeshatoka kwa Watanzania, imeingia kwa Wakongo na kwa Wakenya wenyewe. Mtajiuliza, Wakenya hawakuelewa lugha yao? Nilijiuliza hivyo hivyo baadaye. Wengi hawakufungua sauti, walisoma maandishi yangu. Waliosikiliza walishaambiwa watasikia nini. Na Wakenya wakaongeza ya kwao... kwamba kuna shamba la baba Nyeri, kwamba Wambui alitaka libaki lake peke yake. Shamba lenyewe, nilikuja kujua, lilishauzwa Deno akiwa bado anatambaa!

Wambui alijua kuna sauti inazunguka, lakini hakutaka kuisikiliza, na watu walikuwa wanaitumiana bila jina langu. Mtu mmoja, sijui nani, alipiga simu kazini kwake. Wakamwambia akae nyumbani mpaka mambo yaeleweke. Wazee wake wakapewa nesi mwingine. Kutoka kanisani walikuja watatu kumwombea, na mmoja akakataa chai yake. Akasema amefunga. Dakika kumi baadaye nilimwona nje, kwenye gari, anakula ndizi.

Wambui hakulia mbele yao. Alisubiri jambo moja tu, kumsindikiza Deno nyumbani na kumzika. Alikuwa ameshakunja gauni jeusi kwenye sanduku. Ndipo mjomba wao akapiga simu kutoka Nyeri. Mama anasema Wambui asije. Mwili upelekwe, yeye abaki. Akija, mama hatatoka ndani ya nyumba.

Wambui akalitoa gauni sandukuni, akalitundika mlangoni.

Siku ya mazishi walionyesha kwa video. Wambui aliketi kwenye kochi, amevaa lile gauni jeusi na soksi, alfajiri ya kwetu, mchana wa Nyeri. Picha ikawa inaruka mkononi mwake. Akasema, "Sele, tafadhali nishikie simu." Nikaishika! Nikakaa ubavuni kwake nikimwonyesha jeneza la mdogo wake. Pembeni ya picha maandishi yalikuwa yanapita, watu wanaandika pole, na mtu mmoja akaandika, "Muuaji anatazama pia?"

Akauliza polepole, bila kunitazama, "Ni nani alinichukia hivi?"

Nikasema sijui, dada.

Mwezi ulipita na wiki mbili juu yake. Asubuhi moja simu ya ofisi ya uchunguzi wa vifo ikaja. Nilikuwa jikoni. Wambui alisikiliza, akasema asante mara tatu, akakaa chini sakafuni pale pale mbele ya jokofu. Hakukuwa na sumu wala sindano. Damu iliganda mguuni, kwa sababu ya kukaa siku mbili kwenye basi, ikapanda mpaka mapafuni.

Nilidhani atafurahi kwamba amesafishwa. Badala yake alijipiga kifua. "Mguu! Mimi nesi! Nilikuwa naye nusu saa kwenye kile chumba na sikutazama mguu! Alikaa kitandani na blanketi magotini, nami nikamgombeza. Nilimgombeza, Sele! Kila siku natazama miguu ya watu nisiowajua..."

Alisema angemtia kwenye gari, ndani ya robo saa wangekuwa hospitali. Alisema mama ana haki, amemuua kweli.

Hapo nilishindwa. Ningeweza kunyamaza hata hapo, na nataka mjue nilifikiria kunyamaza. Nilikaa sakafuni mbele yake, nikatoa simu, nikamwambia kuna sauti ambayo hakuna mtu niliyemsikilizisha nzima. Nikaicheza tangu mwanzo.

Aliposikia "Buda, niaje" alitabasamu. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, hai. Iliposema mguu unauma, tabasamu likaondoka. Iliposema pumzi inakatika, akaziba mdomo. Ikaenda mpaka mwisho.

Akauliza, "Hii alikutumia lini?"

Nikasema Jumatatu mchana.

"Mchana." Akalirudia mara mbili. "Na mguu uliuona?"

"Jumapili, dada."

Akaniuliza, na ndiyo nusu yake niliyoituma kwa watu? Nikaitikia kwa kichwa. Nikajitetea, nikasema Deno mwenyewe alisema umemchoma, na wewe ulikuwa na sindano...

Wambui alinitazama kama mtu anayetazama mnyama asiyemjua. "Kuchoma?" akasema. "Sele, kuchoma! Amenichoma, ni kusema nimemsema kwa mama! Nimetoa siri yake! Hata mtoto wa darasa la kwanza Nairobi anajua. Ukimwambia mwalimu mwenzako hakufanya homuwaki, umemchoma. Ndugu yangu alikuwa amenikasirikia, basi. Alikuwa amekasirika tu!"

Halafu akakumbuka, na mimi nikakumbuka. Ni nani aliyeuliza swali la chuo mbele ya kikaango cha mayai? Kwa lugha ya Deno, aliyemchoma kwanza nilikuwa mimi! Na Wambui alibeba lawama hiyo mpaka mdogo wake akaenda kaburini bila kujua.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema, "Nilikulisha. Ungeniambia neno moja tu kwenye meza ile, mguu. Ondoka kwangu, ndugu. Ondoka kabla sijasimama."

Nikakusanya nguo. Vile vyombo vyangu niliviacha kwenye rafu.

Kwenye kituo cha treni nilikaa kwenye benchi, nikaituma sauti yote kwenye kundi. Nikaandika kwamba nilikosea, kwamba niliikata, kwamba daktari amesema ni damu kuganda. Mnajua nilijibiwa nini? Wawili waliweka mikono ya dua. Mmoja akaandika kwamba nesi amenihonga. Yule shangazi wa jini akauliza kama kuna mtu anauza friji. Nikampigia mjomba Nyeri, nikamweleza yote. Akasema atamwambia mama, akakata. Sijui kama alimwambia. Wambui hapokei simu yangu, na simlaumu.

Nilipanda treni bila kuuliza inakwenda wapi, kisha basi, nikashuka Annandale, upande wa Virginia, kwa sababu tu basi liliishia pale. Kwenye duka la vyakula vya Kiafrika kulikuwa na karatasi ukutani ya chumba cha kupanga. Ni nyumba ya Mkongo wa Lubumbashi, Papa Kalala, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Chumba kilikuwa safi, kina dirisha. Mkewe, Mama Odette, akaniwekea fufu na sombe, kisamvu chao, kabla hata sijafungua begi. Nilikuwa sijala tangu jana yake.

Papa Kalala akauliza, "Ulikuwa unaikala wapi?"

Nikasema Temple Hills.

"Aa, Temple Hills!" Akamgeukia mkewe. "Kule kwa ule nesi mwenye alimupiga ndugu yake shindano ya sumu kwa hoteli!"

Mama Odette akafanya alama ya msalaba. Akasema, "Shetani ya mwanamuke."

Tonge likabaki mkononi mwangu. Sikilizeni walivyosema... alimpiga sindano. Neno kuchoma halikuwepo tena! Limepita mdomo hadi mdomo mpaka limegeuka jingine, na sasa hata Mkenya akija kueleza maana yake, hatakuwa na pa kuanzia. Wambui alishakuwa muuaji kwa lugha ambayo Deno hakuwahi kuitamka.

Ningeweza kumeza lile tonge na kupata chumba changu. Nilinawa mikono. Nikasema, "Papa, yule dada hajaua mtu. Habari hiyo niliianzisha mimi."

Nikawaeleza yote na kuwachezea sauti tangu mwanzo. Mama Odette aliondoa sahani yangu mbele yangu. Papa Kalala akatoa simu yake, akahesabu kwa vidole.

"Miye nilielezeaka batu munane hii mambo," akasema. "Munane! Sasa utaongea na kila mutu. Utasema jina yako, utasema, miye nilidanganya. Ukimaliza, chumba ni yako. Ukikataa, mulango ni ule."

Wa kwanza alikuwa shemeji yake. Alinitukana kwa Kifaransa, nikakisikia chote bila kukielewa. Wa pili alikata simu. Wa tatu, mama mmoja muuza vitenge, alilia, akaniuliza nani atakwenda kuwaambia wale aliowaambia yeye. Niliongea na saba. Wa nane hakupokea, na Papa Kalala akaniambia kesho asubuhi nitampigia tena kabla ya chai. Kisha akanipa ufunguo, bila kunipa mkono.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Sauti ya marehemu ikikufikia, isikilize yote, na kabla hujaituma mwulize mtu wa kwao alikuwa anasema nini, hata kama unajiona lugha ni yako. Mtu akikuonyesha mguu uliovimba na wenye joto, usijifanye daktari, mpeleke kwa anayejua, siku ile ile. Na kama ile habari ya Landover ilikufikia nawe ukaisambaza, mimi nimeshapiga simu saba. Zilizobaki ziko kwenye simu yako.